Madigadi na shokapu za gari la rimoti: tope lina njia yake, vumbi lina yake

Gari la rimoti likitoka kwenye vumbi, macho hukimbilia bodi iliyochafuka. Bodi haina neno, inaoshwa. Pa kutazama ni zile sentimita mbili tatu za chuma king'aavu chini ya springi, pale shafti ya shokapu inapoingia na kutoka kwenye silinda. Ukikuta pete nyeusi ya uchafu uliolowa oili, jua shokapu hiyo imeshaanza kuliwa, na madigadi utakayofunga leo haitairudisha ilivyokuwa.

Wengi hununua madigadi wakitumaini zitazuia vumbi, kisha wakanunua buti za shokapu, vile vifuko vinavyovishwa kwenye shokapu, wakitumaini zitazuia mawe. Kazi hizo zimegawanyika. Madigadi ni ya vitu vizito: kokoto, mabonge ya udongo, majani. Buti ni ya vumbi na mchanga laini, ambao hauzuiliki kwa kipande cha plastiki kwa sababu unaingia pamoja na hewa. Na kila moja ina ubaya wake. Madigadi isiyo na njia ya kutolea uchafu inageuka ndoo. Buti isiyo na njia ya kupumua inageuka pampu ya kuvuta vumbi ndani.

Vipimo nitakavyotaja ni vya bagi ya 1/8, yaani yenye ukubwa wa sehemu moja ya nane ya gari halisi, mfano Kyosho Inferno au Arrma Typhon. Pale ambapo traki ya 1/10 kama Traxxas Slash inatofautiana, nitasema.

Uchafu unaruka kwenda wapi

Tairi la bagi ya 1/8 lina kipenyo cha mm 112 hivi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, tairi hilo linazunguka karibu mara 40 kila sekunde, na punje ya mchanga iliyonata ukingoni inavutwa nje kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 350 hivi. Tope laini haliwezi kung'ang'ania hapo. Linaruka, na swali ni kwamba linaruka kuelekea wapi.

Wengi hudhani lote linatupwa nyuma. Sivyo. Bonge linaachia kwa kufuata mstari wa mzunguko pale lilipo. Likiachia nyuma ya tairi linapanda juu. Likiachia utosini mwa tairi linarushwa mbele, tena kwa kasi inayokaribia maradufu ya mwendo wa gari. Hewa inalipunguza mwendo, gari linalifikia, na linajigonga humo humo. Ndiyo maana shokapu za mbele, ambazo kwenye bagi nyingi za 1/8 zimefungwa mbele ya mnara, lile bamba linaloshika ncha za juu za shokapu, zinachafuka ingawa hakuna tairi lililo mbele yake. Zinapita kwenye mvua ya mchanga wa tairi zao wenyewe.

Shokapu za nyuma zina maadui wawili. Tairi la mbele linarusha kokoto zinazopita kando ya chasisi na kugonga mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu na kupanda na kushuka nalo, na tairi la nyuma nalo linainua uchafu kwa ubavu wake wa ndani hadi kwenye springi. Ukiwa na nafasi ya kufunga kinga moja tu, funga nyuma ya tairi la mbele. Inakinga chasisi, mikono ya nyuma na ncha za chini za shokapu za nyuma kwa mpigo mmoja.

Slash na ndugu zake zina bodi pana inayofunika tairi, kwa hiyo mtu anaona madigadi zimeshakuwepo. Kumbe bodi hiyo inafanya kazi ya kuzuia kisha inauhifadhi uchafu. Tope linajibandika kwa ndani, juu ya tairi za nyuma, na linakaa huko hadi utakapovua bodi. Gari la kilo mbili na nusu likibeba gramu 300 za tope kwenye bodi limeongezewa uzito zaidi ya sehemu moja ya kumi, tena juu, mahali pabaya kabisa pa kuweka uzito. Paka ndani ya bodi nta ya kung'arishia magari kabla ya kwenda kwenye tope. Likikauka linabanduka kama ganda. Hapo madigadi za ziada hazina kazi kubwa, isipokuwa vile vipande vya mpira nyuma ya tairi za mbele.

Plastiki gani

Dumu la mafuta ya kula la lita 20 linatosha madigadi za ukoo mzima. Ukuta wake mara nyingi una unene kati ya mm 1 na mm 2, unapinda bila kuvunjika na haujali maji. La lita 5 ni jembamba mno, linapeperuka na kugusa tairi. Kasoro ya plastiki hii ni kwamba hakuna gundi ya kawaida inayoishika. Usipoteze muda na supaglu. Fanya kazi yote kwa bolti na kebo tai.

Bodi kuukuu ya polikaboneti iliyopasuka nayo inafaa kwa vipande vidogo vilivyokaa bapa. Ina adui mmoja asiyejulikana na wengi: gundi ya kukazia nyuzi za bolti. Tone moja likigusa polikaboneti, baada ya muda unaona nyufa kama utando wa buibui kuzunguka tundu, kisha kipande kinadondoka kikiwa na bolti yake. Asetoni inafanya vivyo hivyo. Kwenye polikaboneti tumia nati zenye nailoni ndani na sahau gundi.

Kwa kipande kinachoning'inia nyuma ya tairi, mpira unashinda plastiki. Tyubu ya pikipiki ina unene unaofaa. Ya baiskeli ni nyepesi, inajikunja na kuvutwa chini ya tairi gari linaporudi nyuma.

Kupima na kukata

Toa springi zote nne kwanza. Watu wanaruka hatua hii, kisha wanashangaa madigadi ikasagwa siku ya kwanza. Gari lisilo na springi linakuruhusu kusukuma mkono hadi mwisho wa juu na kuuachia hadi mwisho wa chini kwa kidole kimoja, na kukunja tairi kulia na kushoto katika kila hali. Tengeneza kiolezo kwa karatasi ngumu ya boksi la viatu, kibandike kwa selotepu mahali pake, kisha pitisha mkono katika hali zote nne: juu na tairi limekunjwa ndani, juu na limekunjwa nje, chini ndani, chini nje. Panapogusa, kata. Panapokaribia kugusa, kata pia.

Acha nafasi ya mm 10 kati ya kinga na tairi. Inaonekana kubwa gari likiwa mezani. Barabarani tairi linavimba: mpira usio na mkanda wa nyuzi ndani unatanuka kwa kasi, na kwenye gari la betri ya seli nne au sita unaweza kuuona kwa macho ukiwa mwembamba na mrefu kama sahani iliyosimamishwa. Ukiacha mm 4, tairi litajikatia nafasi lenyewe na vumbi la plastiki litakwenda palepale ulipokuwa unapakinga.

Chora kiolezo kwenye plastiki, kata kwa mkasi wa bati, na viringa kila pembe. Pembe kali ndipo ufa unapoanzia. Toboa kwa kekee ya mm 3. Msumari wa moto unatoboa, lakini unaacha ukingo mnene usiolala sawa chini ya kichwa cha bolti, na pale ndipo plastiki inapochanika.

Kwenye chasisi, tumia matundu ya bolti zilizopo za kinga ya ubavu. Kinga yako ikiwa na unene wa mm 1.5, badilisha bolti ya M3 ya mm 10 kwa ya mm 12, si ya mm 16 kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye kopo. Bolti ndefu inayotokeza ndani kwa mm 4 inaweza kukutana na ganda la betri, na betri ya lipo (lithiamu polima) iliyotobolewa haina mazungumzo, inaweza kuwaka moto. Weka washa pana, ya mm 9 hivi, juu ya plastiki ili nguvu isikae kwenye tundu peke yake.

Kipande cha mpira nyuma ya tairi la mbele kikate kiishie mm 15 juu ya ardhi gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Kikigusa ardhi kitaburuzwa, kitajaa miba, na gari likirudi nyuma tairi litakikanyaga. Kifunge kwa kebo tai mbili nyembamba za mm 2.5 badala ya bolti. Kikinaswa kwenye kisiki, acha kebo tai ya bei ya peremende ikatike kuliko mkono ung'oke kwenye pini yake.

Mkono wa nyuma, na kandambili

Geuza gari juu chini utazame mkono wa nyuma. Magari mengi yana mikono yenye vishimo kati ya mbavu, kupunguza uzito. Kila kishimo ni bakuli. Kwenye udongo mwekundu wenye changarawe, zile kokoto za mviringo zenye ukubwa wa harage zinaingia humo na kukaa. Moja ikijipanga kati ya mkono na shafti inayozungusha gurudumu, shafti inageuka msumeno. Inakwangua mkono kila mzunguko mpaka ubavu mmoja unabaki mwembamba kama karatasi, na siku ya kuruka unavunjika. Mtu analaumu plastiki, kumbe ni kokoto.

Kuna wanaofunika vishimo kwa bamba la plastiki lililofungwa kwa kebo tai juu ya mkono. Inafanya kazi, mradi bamba liache mm 3 hadi 4 kutoka kwenye shafti ya gurudumu katika safari nzima ya mkono, lisifunike bolti ya chini ya shokapu, na vichwa vya kebo tai vielekee mbali na tairi. Lakini mimi naona kujaza ni bora kuliko kufunika. Chukua kandambili iliyokatika, zile za povu jepesi, kata vipande vikubwa kidogo kuliko kishimo, kama mm 1 kila upande, na uvishindilie kwa bapa ya bisibisi. Povu la kandambili lina vipovu vilivyofungwa, halinywi maji. Sponji ya godoro inakunywa, na mkono uliojaa sponji mbichi ni mzito kuliko uliojaa tope. Gundi haihitajiki, povu linajibana lenyewe, na siku ya kuosha unalichomoa.

Kwa udongo mweusi, ule wa Athi River na viunga vya Nairobi unaovimba ukilowa na kunata kama ugali wa moto, kujaza vishimo ndiyo kinga pekee inayolipa. Madigadi kubwa hazifai hapo. Udongo huo hautiririki: unajaa kati ya kinga na tairi mpaka tairi linazunguka ndani ya kifuko cha tope, mota inachemka, na spidi kontrola, kifaa kinachogawa umeme wa mota, inajizima. Siku ya udongo mweusi vua vipande vyote vilivyo karibu na tairi, jaza vishimo, puliza silikoni ya kopo kwenye mikono na chini ya chasisi, kwepesha tairi na diski za breki, basi.

Kuhusu matundu ya kutolea maji kwenye madigadi: ama yawe ya mm 8, ama usitoboe. Tundu la mm 3 linazibwa na kokoto ya kwanza na linabaki pambo.

Shokapu inavyokufa

Chini ya silinda kuna kifuniko, na ndani yake kuna oringi, pete za mpira za kuzuia oili, mara nyingi mbili, zenye kipande cha plastiki katikati. Shafti inapita humo, mm 3 kwenye gari nyingi za 1/10, mm 3.5 au 4 kwenye 1/8. Pima kwa kaliper kabla ya kununua chochote. Kila shafti inapotoka inabeba utando mwembamba sana wa oili. Utando huo unanasa vumbi. Shafti inaporudi ndani, oringi ya chini inalifuta, na punje ngumu zaidi zinajichomeka kwenye mpira. Kuanzia hapo oringi imekuwa msasa. Inachora mistari ya urefu kwenye shafti, mistari inapitisha oili zaidi, oili inanasa vumbi zaidi. Kila hatua inailisha inayofuata, na ndiyo maana shokapu iliyokaa miezi bila kuvuja ikianza inamaliza oili yake kwa siku chache.

Pitisha ukucha kwenye shafti kwa kukata mistari, kulia kwenda kushoto. Ukucha ukikwama hata kidogo, shafti hiyo ni ya kubadilisha; oringi mpya juu yake ni pesa ya bure. Shafti zilizopakwa titani naitraidi, zile za rangi ya dhahabu, ni ngumu zaidi na hazichoreki upesi. Kwa anayekimbiza gari kwenye mchanga kila wiki zinarudisha bei yake. Kwa wa mara moja kwa mwezi, ni urembo.

Buti

Kuna aina mbili za dukani. Ya kwanza ni buti ya mpira yenye mikunjo, inayokaa ndani ya springi na kuizunguka shafti yenyewe. Ya pili ni kitambaa kinachoifunika shokapu nzima na springi yake kwa nje, kikishikwa kwa velkro. Outerwears wamezitengeneza kwa muda mrefu. Kitambaa ni rahisi kufunga na kinafaa kwa mchanga mkavu, lakini kikilowa tope ni kizito, na kikiwa kipana kinaingia katikati ya springi na kutafunwa. Kama gari lako linapita kwenye madimbwi, nenda na mpira.

Ya tatu haiuzwi kama buti: shingo ya puto la sherehe. Inashangaza jinsi inavyofanya kazi. Pima urefu wa shafti inayoonekana shokapu ikiwa imenyooka kabisa, ongeza mm 10, kata shingo ya puto kwa urefu huo. Kwenye 1/8 ya mbele utapata karibu mm 40. Fungua ncha ya chini ya shafti, toa kikombe cha springi, vuta puto juu ya kifuniko cha chini cha silinda kiasi cha mm 5, kisha ncha nyingine iteremshe hadi juu ya kiungo cha plastiki na uibane kwa kebo tai nyembamba sana au uzi wa kushonea viatu. Halafu toboa tundu moja kwa sindano, karibu na silinda, upande usiotazama tairi.

Tundu hilo ndilo kazi yote. Shokapu ikibonyea, hewa iliyo ndani ya puto haina pa kwenda. Puto linavimba, linajisukuma kati ya duru za springi, springi inalibana, na baada ya dakika kumi una vipande vya raba. Shokapu ikinyooka, puto lililobanwa pande zote linavuta hewa kwa nguvu kupitia upenyo wowote, na upenyo huo kwa kawaida uko chini kwenye vumbi. Tundu la sindano lililo juu, mbali na tairi, linaipa hewa njia unayoichagua wewe. Buti za dukani nazo zina tabia hiyo hiyo; zikikaza sana juu na chini, zitobolee.

Usipake mafuta ya mgando ili puto liteleze. Mafuta hayo hutokana na petroli, nayo yanayeyusha mpira wa puto, linakuwa ute. Oili ya silikoni ya shokapu yenyewe haina neno, tone moja linatosha. Puto halidumu, jua linalichanachana, kwa hiyo nunua pakiti.

Baada ya kuvisha buti ya aina yoyote, bila springi, bonyeza shokapu hadi mwisho na upime kwa rula. Linganisha na kipimo cha kabla ya buti. Tofauti ya mm 1 inavumilika. Buti nene ikijikunja inaweza kula mm 4 au 5, na hilo si dogo: gari likitua kutoka juu, chasisi ilipaswa kugusa ardhi na kubeba pigo. Sasa shokapu imefika mwisho kabla ya chasisi. Pigo lote linapitia shafti, kiungo na kifuniko cha juu. Kifuniko kinafyatuka, oili inamwagika, na mwenye gari anaandika kwamba shokapu za kampuni fulani ni mbovu. Punguza mikunjo ya buti, au kata urefu.

Sipendi pete za sponji zinazovishwa chini ya silinda ili zifute shafti. Zinafuta kwa siku moja, halafu zinageuka akiba ya mchanga uliolowa oili unaoshikilia shafti saa zote. Afadhali shafti tupu inayofutwa kwa kitambaa kila betri inapokwisha.

Na buti inaficha. Oili ikivuja ndani yake huioni mpaka imejaa. Vuta buti juu kila baada ya betri tano au sita utazame. Pia maji yakiingia yanakaa, na shafti ya chuma kisichoshika kutu inavumilia, lakini bolti ya chini inashika kutu.

Ufukweni

Mchanga wa bahari, Dar, Mombasa au Unguja, una chumvi, na chumvi haikungoji ufike nyumbani. Beba chupa mbili za maji yasiyo na chumvi, zimwage kwenye mikono, beringi za magurudumu na shokapu palepale kabla maji ya bahari hayajakauka. Buti za mpira ni za lazima huko. Madigadi, kinyume na wanavyodhani wengi, si muhimu sana: mchanga mkavu unamiminika wenyewe na hauna kokoto za kusaga mikono. Vifuniko vya chasisi nzima vya kitambaa vinazuia mchanga usifike kwenye gia, lakini vinazuia na upepo. Pima joto la mota baada ya dakika tano za kwanza. Likikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, fungua kifuniko au punguza pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, kwa jino moja au mawili.

Kufungua na kufunga upya

Fanya kwa jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Shokapu moja mpya na nyingine kuukuu hulifanya gari litue limeinama.

Safisha nje kwanza, kwa mswaki mkavu kisha sabuni ya maji. Kufungua shokapu chafu ni kuingiza uchafu ndani kwa mkono wako. Toa springi, mwaga oili, itazame: ikiwa ya kijivu imebeba chuma kilichosagika; ikiwa nyeusi yenye punje, oringi zimepitisha vumbi. Kiungo cha plastiki kimefungwa kwa nyuzi kwenye shafti, nacho kinakataa kutoka. Usiishike shafti kwa koleo tupu. Alama moja ya meno ya koleo ni kovu litakalochana kila oringi utakayoweka. Tumia koleo maalumu la shafti, au ishike kwa kipande cha ngozi nene, karibu kabisa na nyuzi, sehemu isiyofika kwenye oringi.

Toa oringi kuukuu kwa kijiti cha meno, si kwa sindano. Paka mpya grisi ya silikoni, zipange kama zilivyokuwa. Kisha ndipo wengi wanapoharibu: wanasukuma shafti kupitia oringi mpya huku nyuzi zikiwa wazi. Nyuzi za M3 ni kisu. Zinakata mdomo wa ndani wa oringi, na shokapu mpya inavuja jioni hiyo hiyo. Funika nyuzi kwa kipande cha mfuko laini wa plastiki uliopakwa oili, pitisha shafti taratibu huku ukiizungusha, kisha vuta plastiki itoke.

Jaza oili karibu na ukingo, sogeza pistoni juu na chini polepole, acha isimame dakika 10 mpaka mapovu yaishe. Angalia namba ya oili kwa senti-stoksi, kipimo cha unene wake, maana ile namba ya uzito inatofautiana baina ya watengenezaji. Kwenye bagi ya 1/8, oili ya 450 hadi 650 ndiyo inayotumika mara nyingi. Kwenye 1/10, karibu 350 hadi 450. Mchana wa joto kali oili inakuwa nyepesi, basi panda hatua moja. Ukishafunga kifuniko, bonyeza shokapu mbili sambamba na uziachie. Zirudi sawa. Moja ikirudi zaidi, ina oili au hewa nyingi. Fungua kifuniko nusu mzunguko, bonyeza kidogo itoke, funga.

Wakati wa kuosha gari, usielekeze maji ya presha kwenye kifuniko cha chini cha shokapu. Presha inapita pale ambapo vumbi lilishindwa. Ndoo, mswaki, na subira kidogo tope likauke kwanza, maana la udongo mwekundu likikauka nusu yake inadondoka kwa kugongwa tu. Vua povu la kandambili, vuta buti juu, futa shafti, kisha liache gari limelala ubavu ili maji yaliyo kwenye matundu ya madigadi yatoke.